Watoto Wapweke wa Japani na Nyika ya Dodoma

Tarehe 16 Aprili 1988 kampuni ya Studio Ghibli ya Tokyo ilipeleka kwenye majumba ya sinema filamu mbili za katuni kwa siku moja, zionyeshwe pamoja. Moja, My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, inawahusu dada wawili, Satsuki na Mei, waliohamia shamba na baba yao wakati mama yao amelazwa hospitalini. Nyingine, Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, inamhusu kijana Seita na mdogo wake Setsuko, waliopoteza mama yao Kobe ilipoteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, wakaishia kulala kwenye handaki kando ya bwawa mpaka njaa ikawamaliza. Mzazi aliyempeleka mtoto wake siku ile alirudi nyumbani na picha mbili kichwani: jitu la manyoya linalosubiri basi kwenye mvua, na mtoto wa miaka minne anayechimba kwa mikono yake kaburi la vimulimuli.

Picha hizo zina mzizi mmoja. Pande zote mbili mtoto yuko peke yake, mkubwa wa kumlinda hayupo au hawezi, na kilichobaki karibu naye ni miti, maji, wadudu na mvua. Satsuki na Mei wanapokewa na msitu. Seita na Setsuko wanapewa na bwawa uzuri wa usiku mmoja tu, vimulimuli vikiwaka ndani ya chandarua, na asubuhi vyote vimekufa. Miyazaki na Takahata walifanya kazi pamoja miaka mingi, wakaianzisha Ghibli pamoja na mtayarishaji Toshio Suzuki mwaka 1985, na kwa siku hiyo moja ya Aprili walijibu swali lile lile kwa njia mbili: mtoto akiachwa na watu, ardhi itamfanyia nini?

Mimi swali hilo nimelibeba nikiwa Kikuyu. Msomaji wa Nairobi asichanganye. Nasema Kikuyu ya Dodoma, kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, mahali ilipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo na sasa kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Tangu mwaka 2020 filamu nyingi za Ghibli zinapatikana Netflix katika nchi zetu, na vijana wa vyuo hapa wanazijua kwa majina, wanazihifadhi kwenye simu, wanapeana. Wanaziita anime na wanazihesabu kuwa burudani ya mbali. Nadhani ziko karibu nasi kuliko wanavyodhani. Kiini cha filamu hizi, yaani upweke wa mtoto mbele ya ardhi isiyosema, kimejaa katika nyanda hizi za kati. Tunacho tele, na hatujakichora.

Nianze na chimbuko, maana watu hudhani Wajapani walizaliwa na kipaji cha huzuni. Takahata alikuwa na miaka tisa ndege za Marekani zilipoichoma Okayama usiku wa tarehe 29 Juni 1945. Alikimbia na dada yake katikati ya moto, wamepotezana na wazazi. Miyazaki, aliyezaliwa Januari 1941, alikulia katika familia iliyohamishwa kuikimbia vita, na mama yake aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi. Mama wa hospitalini katika Totoro anatoka hapo. Naye Akiyuki Nosaka, mwandishi wa hadithi ya mwaka 1967 iliyozaa Grave of the Fireflies, alimpoteza mdogo wake kwa utapiamlo mwaka ule ule wa 1945. Hawa ni watu waliowahi kuwa watoto wenye njaa na woga, wakakua, wakashika kalamu. Upweke katika filamu zao una tarehe, una mji, una jina la marehemu.

Sasa tugeukie huku. Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, nao una njaa ya vita. Wazee huiita Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika nyanda za kati, majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yalichukua ng'ombe na nafaka. Waingereza wakaingia Dodoma Julai 1916, nao wakachukua ng'ombe na nafaka, wakachukua na wanaume kwa maelfu wawe wapagazi wa jeshi. Nchi ambayo hata katika mwaka mzuri hupata mvua isiyozidi sana milimita 600, zote kati ya Desemba na Aprili, ikabaki bila akiba, bila mifugo ya kuuza na bila mikono ya kulima. Kisha mvua zikakatika. Njaa ilidumu kuanzia 1917 hadi 1920, na katikati yake, mwaka 1918, likapita gonjwa la mafua lililozunguka dunia nzima. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeitafiti njaa hiyo kwa undani, anakadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 wa wilaya ya Dodoma, walikufa 30,000. Mmoja katika kila watano. Familia zilitawanyika kutafuta chakula, na si wote waliokutana tena.

Mwaka huo huo wa 1917, upande wa Ihumwa, alizaliwa Mathias Mnyampala, yule aliyekuja kuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili na baba wa ngonjera, na ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Alizaliwa ndani ya njaa hiyo. Leo ukitoka Kikuyu kwenda Ihumwa unapita lami pana, na mbele kidogo yako maghorofa ya wizara pale Mtumba. Abiria wengi wa daladala za njia hiyo hawajawahi kusikia neno Mtunya, na siwalaumu, kwani wangelisikia wapi? Mtoto wa Japani anamjua Setsuko kwa sura, kwa sauti na kwa kile kikopo chake cha peremende. Mtoto wa Dodoma hana sura hata moja ya mtoto wa Mtunya. Tunazo takwimu, tunazo makala za wasomi zilizofungiwa kwenye majarida ya ng'ambo, na tunazo kumbukumbu za wajukuu waliosimuliwa na babu zao. Sura ya mtoto haipo.

Na katuni ingeiweza kazi hii kuliko filamu ya waigizaji. Takahata alilijua hilo. Mtoto halisi akikondeshwa mbele ya kamera, mtazamaji hugeuza uso au huanza kujiuliza mtoto huyo amefanywaje. Mtoto aliyechorwa anakuingia bila kukupa mlango wa kutorokea. Unamwona Setsuko akipika chakula cha udongo, akimkaribisha kaka yake ale, na huna mwigizaji wa kumfikiria zaidi yake yeye.

Kuna jambo jingine ambalo filamu hizi zinalifanya na ambalo mtoto wa nyanda za kati angelielewa bila kufundishwa, nalo ni ukimya. Mwaka 2002 mhakiki wa Marekani Roger Ebert alimuuliza Miyazaki kuhusu zile nyakati ambapo mhusika anakaa tu, anashusha pumzi, anautazama mto. Miyazaki akapiga makofi mara kadhaa, akaeleza kwamba muda ulio kati ya kofi na kofi ndio anaoutafuta. Filamu isiyo na nafasi hiyo, kwa maelezo yake, inakuwa pilikapilika tu. Ndiyo maana kituo cha basi katika Totoro hakisahauliki. Giza limeingia, mvua inanyesha, Satsuki amembeba mdogo wake aliyelala mgongoni, basi la baba limechelewa. Kwa muda mrefu hakuna linalotokea isipokuwa matone na chura mmoja anayevuka njia. Halafu yanatokea makucha ya kiumbe kikubwa, kimesimama pembeni, nacho kinasubiri. Msichana anakipa mwavuli wa baba yake. Hawasemezani. Hofu ya mtoto aliye peke yake usiku inapungua kwa sababu kuna mwingine anayesubiri naye.

Mchungaji mdogo wa Ugogo anaishi ndani ya muda huo alioupigia makofi Miyazaki. Anatoka na ng'ombe asubuhi, anarudi nao jioni, na katikati kuna saa ambazo hakuna mtu wa kuongea naye. Anajifunza kila mnyama kwa rangi na mwendo, kumfuata mlembe mpaka kwenye nyuki, kuvisoma vumbi na mawingu, kujua ni mti gani una kivuli saa ngapi. Upweke wake una kazi. Muziki wa Wagogo unaousikia kwenye zeze na ilimba una nafasi za namna hiyo ndani yake, sauti ikisimama mahali ambapo wengine wangejaza. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere miaka ya sitini kisha akawa nguzo ya sanaa Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003, aliupeleka muziki huo ulimwenguni. Miongoni mwa waliourekodi mapema na kuutoa kwa heshima ni kampuni ya Japani, JVC. Sioni ajabu kwamba masikio ya Japani yaliutambua. Ajabu ni kwamba hapa nyumbani hatujauwekea picha.

Tusiupambe upweke huo, hata hivyo. Mtoto anayechunga mara nyingi ni mtoto asiye darasani. Anachapwa na jua, anaogopa fisi, anapoteza ndama akaogopa kurudi nyumbani. Filamu nzuri ingeonyesha yote mawili, kwamba nyika imempa macho ambayo mtoto wa mjini hana, na kwamba imemnyima kalamu. Takahata na Miyazaki hawakuwahi kumdanganya mtazamaji kwamba ardhi ni mama mwema siku zote.

Filamu ya Ghibli iliyonishika kuliko zote ni Spirited Away ya mwaka 2001, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Chihiro, msichana wa miaka kumi, anajikuta katika ulimwengu wa mizimu, wazazi wake wamegeuzwa nguruwe kwa ulafi. Ili abaki hai lazima apate kazi katika nyumba kubwa ya kuogea, na bibi mwenye nyumba, Yubaba, anampa mkataba kisha anamnyang'anya jina. Tangu hapo anaitwa Sen. Anasugua sakafu, analala na wafanyakazi wengine, na akilisahau jina lake la kwanza hatarudi kwao kamwe.

Mimi hapo huona vituo vya mabasi vya Dodoma. Kwa miaka mingi mkoa wetu, pamoja na Singida na Iringa, umetoa wasichana wa kazi za ndani kwenda Dar es Salaam na kwingineko. Msichana anapokelewa na mtu asiyemjua, anaingizwa katika nyumba ya watu, na kuanzia jioni ile hana jina. Anaitwa dada, au nyuma ya mgongo wake anaitwa beki tatu. Watoto anaowaogesha na kuwapikia wanaweza kukua bila kulijua jina alilopewa na wazazi wake. Yuko katikati ya watu saa zote, na ni mpweke kuliko alivyokuwa akichota maji kijijini, kwa sababu kule hata korongo lilimjua. Chihiro anaokolewa na watu wachache waliokataa kumsahau: mzee wa tanuri la maji, dada mkubwa wa kazini anayemfokea huku akimtunza, na kijana Haku anayemhifadhia nguo zake na kadi yenye jina lake. Sijui filamu nyingine inayomheshimu mtoto mfanyakazi namna hii bila kumfanya wa kuhurumiwa.

Na Haku mwenyewe ni nani? Ni mto. Amelisahau jina lake kwa kuwa mto wake ulifukiwa, yakajengwa makazi juu yake, basi hana pa kurudi. Mwingine anayefika kuoga ni kiumbe kinachonuka uvundo wa kutisha. Chihiro anavuta kitu kilichomchoma ubavuni, inatoka baiskeli, na nyuma yake zinafuata taka za miaka. Kumbe naye ni mto, na akishasafishwa anaondoka akicheka. Hizi ni dakika chache za filamu, lakini zimesema mengi kuliko mabango mengi ya mazingira. Mito ya Dodoma ni ya mchanga. Miezi mingi ya mwaka unaona korongo kavu, na akina mama wanachimba visima vifupi ndani ya mchanga ili wapate ndoo. Mgeni anapoliona anadhani ni eneo la wazi lisilo na mwenyewe. Analijenga, analitupia taka, anachota mchanga kwa malori. Mvua ya Januari inapokuja kwa nguvu, korongo linakumbuka njia yake.

Princess Mononoke ya mwaka 1997 ina hasira zaidi. Wachoraji walikwenda kisiwa cha Yakushima kuutazama msitu wake wa kale kabla ya kuuchora. San, msichana aliyelelewa na mbwamwitu, anaupigania msitu. Bibi Eboshi anaukata ili afue chuma. Mtunzi mvivu angemfanya Eboshi kuwa shetani. Miyazaki amemfanya mtu anayewapa kazi na hadhi wanawake waliokombolewa kutoka madanguro, na anayewatunza wenye ukoma ambao hakuna mwingine anayewagusa. Msitu unakufa kwa mikono ya watu wema wanaotafuta riziki.

Hilo tunalijua kwa jina la Kondoa. Ardhi ya Kondoa ilikuwa imekatwa na makorongo makubwa ya mmomonyoko, udongo mwekundu umeachwa mifupa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Ilipofika mwaka 1979 uamuzi mzito ukapitishwa: mifugo yote iondoke katika eneo lililoathirika, kilomita za mraba zipatazo 1,256. Ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa makumi ya maelfu wakahamishwa. Ardhi ikapona. Miti ikarudi, mabonde yakashika maji, wataalamu wakaja kutoka pembe za dunia kujifunza. Na wenye ng'ombe walipoteza kilichokuwa mali yao, heshima yao, mahari ya watoto wao na wenza wa kila siku. Nani alikuwa San hapo, na nani Eboshi? Mimi naamini eneo lile lilihitaji kupumzishwa, na naamini pia kwamba mfugaji aliyetazama zizi tupu anastahili filamu yake. Mononoke inakwisha bila kuwapatanisha kabisa wale wawili: Ashitaka anabaki kwa wafua chuma, San anabaki msituni, na watatembeleana. Huo ni mwisho wa watu wazima.

Siku hizi katika mkoa huu kuna kazi nyingine ya upole zaidi, Kisiki Hai, inayoendeshwa na LEAD Foundation pamoja na shirika la Justdiggit la Uholanzi. Mkulima anatafuta kisiki ambacho mizizi yake bado ina uhai, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anayapogoa mengine, anafunga alama na kuyalinda dhidi ya mifugo. Mti uliodhaniwa kufa unarudi, kwa sababu mizizi ilikuwa chini muda wote. Katika kuwahamasisha wanakijiji, mashirika hayo hutumia pia sinema: turubai linatandazwa usiku, watu wanakusanyika, wanatazama. Basi msiniambie watu wa vijijini hawana mahali pa kuonyesha filamu kuhusu miti. Mahali pameshakuwapo.

Kuhusu mji nitakuwa mfupi. Mwaka 1994 Takahata alitoa Pom Poko, inayowaonyesha wanyama wa porini wa vilima vya Tama wakihangaika kuzuia ujenzi wa mji mpya pembezoni mwa Tokyo. Wanashindwa. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, ikasubiri sana, kisha kuanzia 2016 serikali ikahamia kwa kasi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa, na ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Vichaka vilivyokuwa malisho vimekuwa viwanja vyenye namba. Waliokuja nao wana upweke wao: mtumishi aliyeiacha familia Dar es Salaam, amepanga chumba na sebule, anahesabu siku hadi Ijumaa. Treni ya umeme iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 imewafupishia safari, na wengi wao huketi dirishani nyika ikipita, kila mtu na simu yake. Japani, ambako mambo haya yalitangulia, iliteua waziri wa kushughulikia upweke mnamo Februari 2021. Sisi bado tunaona aibu kulitaja. Mtu akisema ni mpweke anaulizwa kama amekosa ndugu.

Je, Afrika Mashariki haichori? Inachora, na vizuri. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichukua rangi za mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga ikazipa miguu. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, hewani tangu 2014, imewafundisha hesabu na sayansi watoto wa nchi nyingi, na naiheshimu kwa dhati. Mwaka 2023 ukaja mkusanyo wa filamu fupi kumi za Kiafrika, uliobeba jina la Kiswahili, Kizazi Moto. Humo Raymond Malinga wa Uganda alichora wachunga ng'ombe wa zama zijazo katika Herderboy, akitumia masimulizi ya Wachwezi, na Ng'endo Mukii wa Kenya katika Enkai alimchora mtoto wa kimungu ambaye mama yake anadhoofishwa na uharibifu wa dunia. Mukii hasa amekaribia ninachokitafuta. Mtoto wake ni mpweke kweli, na upweke huo umefungamana na ardhi inayochoka.

Kasoro ninayoiona katika kazi nyingi za watoto hapa kwetu ni woga wa kunyamaza. Mnyama anaongea, ua linaongea, wimbo unaanza, somo linatajwa, kisha linatajwa tena wasije wakalikosa. Naielewa sababu: fedha nyingi za kazi hizi hutolewa kwa ajili ya elimu, na mfadhili anataka kuona somo. Lakini mtoto wa Kikuyu anayekaa kwenye ngazi ya nyumba ya kupanga akimsubiri mama atoke kazini hahitaji somo kila dakika. Anahitaji kuona kwamba kuna mtu aliyewahi kumwona akisubiri.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaelekeza kwa watu wenye uwezo wa kuyatekeleza. Walimu na wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa Bagamoyo, ichukueni Mtunya. Nendeni Ihumwa, Mvumi, Bahi na Kondoa mkawasikilize waliosimuliwa na wale walioiona, maana hao nao umri umekwenda. Mchoreeni mtoto mmoja wa mwaka 1918, mpeni jina la Kigogo, mwekeni chini ya mbuyu wa kweli, na mwacheni anyamaze mnapoona inafaa. Bodi ya Filamu na wizara inayohusika na utamaduni zitenge fungu kwa ajili ya filamu ya katuni ya dakika ishirini tu, isiyo na somo la kutaja. Zeze lipo, wapigaji wapo, hadithi ipo. Na wewe mzazi unayesoma gazeti hili Jumapili, kama una bando la kutosha, itafute Totoro leo jioni, weka simu mbali, kaa na mwanao muitazame mpaka mwisho. Katika nyumba hiyo kama kuna msichana anayewapikia, mwite kwa jina lake, aje akae nanyi atazame pia.